Spika mpya, masikio ya zamani

Msimu wa malipo ya tumbaku ukifika, maduka ya vifaa vya umeme hapa Mpanda mjini huanza kupanga spika barazani tangu asubuhi. Ukipita kwa miguu utadhani zinauzwa kwa vijana, maana ndio wanaosimama kuzishangaa. Lakini kijana ana simu yake na kispika kidogo cha kuchaji, na vinamtosha. Anayetoa laki nane, au milioni na zaidi kwa amplifaya na spika mbili za mbao zilizotoka ng'ambo zikiwa mtumba, ni baba wa miaka hamsini na ushee. Ni mkulima aliyelipwa, mwalimu aliyepata kiinua mgongo, mchimbaji aliyebahatika. Muuzaji akimuuliza ajaribishiwe wimbo gani, hataji wa mwaka huu. Anataja wa mwaka aliooa, au wa kabla ya hapo.

Wiki hii nataka kuzungumza na huyo baba, na mama wa nyumba hiyo, na watoto wanaokaa nao sebuleni.

Wapo wenzangu kazini wanaoona jambo hili ni anasa tu. Wanasema mtu hana hata bima ya afya, lakini ana spika zinazotikisa kabati la vyombo. Nawaelewa, ila sikubaliani nao. Mtu aliyelima, aliyefundisha au aliyechimba miaka thelathini ana haki ya kukaa jioni kwenye kiti chake na kusikia gitaa la solo likilia vizuri. Mimi mwenyewe nina amplifaya ya mtumba na spika mbili nzito ambazo ndugu zangu wanasema zingenunua bati za nyumba nzima. Pengine ni kweli. Sijaziuza.

Tena kuna sababu ya kitabibu ya kuutetea muziki wa zamani. Wataalamu wa kumbukumbu wamegundua kwamba mtu aliyevuka miaka 40, ukimwomba asimulie maisha yake, hukumbuka zaidi mambo ya kati ya miaka 10 na 30 kuliko ya miaka mingine mingi. Nyimbo za umri huo hukaa ndani kabisa. Ndiyo maana bibi aliyeanza kusahau majina ya wajukuu, asiyejua leo ni Jumanne au Ijumaa, ukimpigia wimbo wa ujana wake anaweza kuuimba beti kwa beti. Tafiti zilizokusanywa na kulinganishwa zinaonyesha kuwa muziki hupunguza huzuni kwa watu wenye ugonjwa wa kusahau. Ugonjwa hautoki, lakini jioni ya mgonjwa inakuwa nyepesi, na ya anayemtunza pia.

Nyimbo zenyewe zinategemea umri. Wazee wangu wa kliniki walikulia kwenye redio moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyotufikia huku magharibi sauti ikipanda na kushuka kama mtu anayeongea akiwa kwenye upepo. Wanataja Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali mwaka 1979, wanataja Sikinde, iliyoanzishwa 1978, na Msondo katika majina yake yote tangu ilipoitwa NUTA Jazz. Tabora Jazz kwao walikuwa jirani wa reli, maana treni ya Mpanda hupita Kaliua na kwenda Tabora. Wa kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Karema na Ikola, huongeza Franco na wenzake, kwa kuwa ng'ambo ya maji ilikuwa Zaire na muziki haukuhitaji pasipoti. Mimi ni wa kizazi cha kaseti za mwisho. Redio binafsi zilikuwa zimeingia mjini, kina Professor Jay, Lady Jaydee na Juma Nature walikuwa wapya, na kaseti ikikwama tulizungusha gurudumu lake kwa kalamu ya Bic. Binti yangu haamini kwamba kalamu iliwahi kuwa kifaa cha muziki.

Kwa hiyo nunua spika. Ninachouliza ni hiki: umepima masikio yatakayozisikiliza?

Nieleze kisa kimoja, kwa ruhusa ya mwenyewe na kwa kubadilisha mambo machache asitambulike. Mzee wa miaka 61 alikuja kliniki yetu kwa ajili ya shinikizo la damu. Maisha yake yalipita kwenye mashine za kukoboa mpunga, kisha kwenye makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, bila kuziba masikio siku hata moja. Alikuwa amenunua spika nzuri sana. Binti yake, aliyemsindikiza, akaniambia huku akicheka kidogo kwamba baba amezirudisha dukani mara mbili. Anadai twita zimeungua, manyanga hayasikiki, gitaa la solo limezama, na mwimbaji anaimba kama ameweka kitambaa mdomoni. Muuzaji alizijaribu mbele ya watu na kila mtu akasikia manyanga isipokuwa mwenye spika. Mara ya pili alibadilishiwa kabisa. Akafika nyumbani na kukuta "ubovu" ni uleule.

Nilimwomba ageuke aangalie ukutani, nikasimama nyuma yake na kumnong'oneza tarakimu, sikio moja baada ya jingine. Hakupata nyingi. Tukampeleka kupimwa kwa mashine, na matokeo yakawa yale niliyoyahofia: sauti nene anazisikia karibu kama kijana, lakini kuanzia sauti nyembamba za kati kwenda juu, mstari unaporomoka. Nilipomweleza alikaa kimya, kisha akasema, "Daktari mwanangu, kumbe twita zilizoungua ni zangu."

Sijawahi kusikia maelezo mazuri zaidi ya ugonjwa huu, hata chuoni.

Ndani kabisa ya sikio kuna kijumba chenye umbo la konokono, na humo mna seli zenye vinyweleo kama 15,000 kwa kila sikio. Ndizo zinazogeuza mtikisiko wa hewa kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo. Zimejipanga kwa sauti. Zilizo mlangoni hupokea sauti nyembamba: manyanga, ndege, sauti ya mtoto, herufi kama s, f, sh na t. Zilizo ndani zaidi hupokea besi. Kelele na umri huanza kuharibu za upande wa mlangoni, kama kapeti linavyochakaa pale watu wanapoingilia. Seli hizo zikifa hazioti tena. Ngozi hupona, mfupa huunga, hata ini hujijenga upya kwa kiasi, lakini seli hizi kwa binadamu hazirudi.

Kwa kuwa besi inabaki, mtu haamini kwamba ameanza kutosikia. Anasikia mlango ukigongwa, anasikia lori likipita, anasikia ngoma. Anachokosa ni ukali wa maneno. "Fika" na "shika" kwake ni kitu kimoja. Mkeani kwake huambiwa, "Wewe husikii unapotaka." Wajukuu hudhani babu ana dharau. Yeye hulaumu watu wa siku hizi kwamba wanaongea kwa kumung'unya, na hulaumu redio. Halafu hununua redio kubwa zaidi na kupandisha sauti mpaka zile sauti nyembamba zifike. Kwa kufanya hivyo anazimaliza seli chache zilizobaki.

Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Katika nyumba nyingi spika kubwa imekuwa kitambaa cha kufunikia masikio yaliyochoka. Mtu anatumia milioni kutibu redio isiyoumwa.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi, huenda hawalijui. Kifaa kizuri kinaweza kuwa na hatari zaidi kwa sikio kuliko kibovu. Redio dhaifu ukiipandisha sana hukwaruza, besi inapasuka, na masikio yanakereka. Huo ukwaruzaji ni onyo, mkono unaenda wenyewe kupunguza. Amplifaya nzuri haikwaruzi. Sauti inapanda safi, tamu, inakufuata mpaka jikoni, na hakuna kinachokuambia kwamba umepita kiasi. Unagundua ukizima, masikio yakivuma kama umetoka kwenye mashine ya kusaga. Huo mvumo, hata ukiisha asubuhi, ni dalili kwamba sikio limeumizwa. Ukijirudia, iko siku hautaisha.

Na suala la wati. Boksi la sabufa litaandikwa wati kwa maelfu, na baadhi ya namba hizo ni za kuuzia tu. Hata zile za kweli zina hesabu yake. Ukitoka wati 50 kwenda wati 100, sauti inapanda desibeli 3 tu, tofauti ndogo ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili uone sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji desibeli kama 10, yaani wati mara kumi. Lakini kwa seli za sikio zile desibeli 3 si ndogo hata kidogo, kwa sababu kila zinapoongezeka, muda wa kusikiliza kwa usalama unapungua nusu.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80, na mtoto saa hizohizo kwenye desibeli 75. Mazungumzo ya kawaida ni karibu 60. Sasa panda ngazi. Kwenye 83 unabaki na saa 20 kwa wiki nzima, na kwenye 86 unabaki na 10. Kwenye 92, sauti ya sebule yenye mwenye furaha na amplifaya nzuri, ni saa mbili na nusu kwa wiki. Kwenye desibeli 100 unaongelea dakika 20 hivi. Hiyo ni kwa wiki, si kwa jioni moja. Na mwenye mashine ya kukoboa, karasha au msumeno wa mbao ameshatumia saa zake kazini kabla hajafika nyumbani kuwasha redio.

Huna kipimo? Simu nyingi zinakubali programu za bure za kupima desibeli. Si sahihi kabisa, ila zinakupa picha. Kipimo cha bei rahisi zaidi ni mke wako. Akikaa umbali wa mkono mmoja na ukalazimika kupaza sauti ili akusikie, muziki umezidi.

Nimesema naunga mkono vifaa vizuri, na sijabadilika. Faida kubwa ya spika nzuri, ambayo wengi hawaitumii, ni kwamba inasikika vizuri ikiwa chini. Redio mbovu ukiishusha hupoteza kila kitu, ndiyo maana watu wa redio mbovu hupandisha. Spika nzuri kwenye sauti ya mazungumzo bado inakupa gitaa mbili zinazojibizana, tarumbeta nyuma yake, na pumzi ya mwimbaji kabla ya kuanza ubeti. Nyimbo nyingi za bendi zetu zilirekodiwa katika studio ya Radio Tanzania, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, na ukitulia unasikia kabisa kwamba ni watu ndani ya chumba kimoja. Utulivu huo haupatikani kwa kutikisa madirisha.

Wasomaji wataniambia, "Daktari, nikishusha sauti besi inapotea." Ni kweli, na hilo halitokani na spika. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kwamba sikio la binadamu kwenye sauti ndogo husikia besi hafifu kuliko sauti za kati. Watengenezaji wa redio walilijua hilo, na ndiyo sababu deki na amplifaya nyingi za zamani zina kitufe kilichoandikwa "loudness". Watu hudhani ni cha kuongeza kelele. Kazi yake ni kurudisha besi unaposikiliza kwa sauti ya chini. Kibonyeze usiku, watoto wakiwa wamelala. Kama chako hakina, ongeza besi kidogo kwenye ekwalaiza badala ya kupandisha sauti yote. Na sogeza kiti karibu na spika, sauti ikiwa chini, badala ya kuipandisha ili ikufikie mwisho wa chumba ambako mtoto amekaa katikati ya safari yake.

Tufike kwa watoto, maana safu hii inasomwa na wazazi wengi.

Mtoto mchanga hawezi kuhama. Hawezi kusema masikio yanavuma. Kwenye harusi, kipaimara, mkesha au mkutano wa hadhara nimeona akina mama wamekaa na vichanga hatua tatu kutoka kwenye spika ndefu kuliko mtu, na mtoto amelala. Watu husema, "Huyu hana shida, amezoea." Kulala kwake si ushahidi wa usalama wa masikio. Mtoto aliyechoka hulala hata kwenye basi la kwenda Sumbawanga lenye spika juu ya kiti. Sogea nyuma. Mahali pa wazi, kila unapozidisha umbali mara mbili sauti hupungua desibeli kama 6, yaani muda salama huongezeka mara nne. Hatua ishirini za mama zinafanya kazi ambayo daktari hawezi kuifanya baadaye. Kumweka mtoto pamba masikioni hakusaidii sana, na pamba ikibaki ndani italeta kazi nyingine.

Nyumbani, spika ya sabufa isikae sakafuni pale mtoto anapotambaa na kucheza. Kwako wewe uliyeketi kwenye kochi sauti ni ya wastani. Kwake, uso wake ukiwa karibu na spika, ni kitu kingine kabisa.

Na kabla hujalaumu muziki, mwangalie mtoto masikio. Katika mkoa wetu ninaona watoto wengi wenye usaha sikioni, wengine kwa miezi, kwa kuwa nyumbani wanaambiwa ni kawaida ya ukuaji. Si kawaida. Usaha unaotoka wiki mbili na zaidi unaweza kumwachia mtoto upungufu wa kusikia ambao shuleni utaitwa uzembe. Usitie mafuta ya moto, maziwa ya mama wala maji ya majani. Mlete. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto ungeweza kuzuiwa, na usaha huu ni sehemu ya asilimia hizo. Mtoto anayepandisha sauti ya televisheni kila wakati, anayekaa karibu nayo, asiyegeuka akiitwa kutoka nyuma, apimwe kabla hajachapwa.

Kwa wakubwa, baadhi ya dawa nazo huchangia. Kwinini huleta mlio masikioni, ambao kwa kawaida huisha ukimaliza dozi. Sindano ya gentamisini, na zile sindano zilizotumika zamani kwa kifua kikuu sugu, zinaweza kuharibu seli zilezile na uharibifu ukabaki. Usiache dawa uliyoandikiwa kwa kuogopa, lakini ukianza kusikia mlio au sauti kupungua, mwambie aliyekuandikia siku hiyohiyo. Kisukari na shinikizo la damu lisilodhibitiwa navyo huziumiza seli hizi, kwa kuwa zinategemea mishipa midogo sana ya damu. Yule mzee wangu wa twita alikuwa na kelele za miaka na shinikizo pamoja.

Kuna hali moja isiyosubiri mnada wala mwisho wa wiki. Ukiamka sikio moja halisikii ghafla, bila mafua wala maji kuingia, nenda hospitali siku hiyo. Kuna aina inayotibika kwa dawa ikiwahiwa katika siku za mwanzo, na ikicheleweshwa wiki kadhaa nafasi ya kurudi inapungua sana. Watu wengi hupoteza siku hizo wakitia matone waliyoyanunua dukani.

Habari njema ni kwamba si kila asiyesikia ameharibika ndani. Mara nyingi naangalia sikio na kukuta nta imejaa kama kizibo, imesukumwa huko na kijiti cha pamba ambacho mwenyewe alidhani kinaisafisha. Tunaitoa, na mgonjwa anashtuka kusikia viatu vyake vinavyolia sakafuni. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni ndogo: mwombe mhudumu wa kituo chako aangalie masikio kwa taa. Kama yako safi na bado husikii vizuri, omba rufaa ya kupimwa usikivu. Kipimo hakiumi wala hakitoi damu. Unavalishwa visikilizi, unasikia vilio vyembamba na vinene, na kila ukisikia unabonyeza kitufe au unainua mkono. Uliyevuka miaka 50, au uliyefanya kazi kwenye mashine miaka yoyote ile, fanya hivyo hata kama hulalamiki. Hao ndio wanaokuja wakiwa na spika mpya.

Swali ninaloulizwa mwisho, kwa sauti ya chini, ni kuhusu shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia. Wanaume hasa hawakitaki. Wanakubali miwani bila shida, maana miwani humfanya mtu aonekane msomi, lakini shimesikio wanaona inawatangaza uzee. Mzee mwenye sabufa ya milioni ananiambia kifaa cha sikio ni ghali! Hapo huwa namtazama tu, naye hucheka mwenyewe.

Tatizo halikomei kwenye muziki. Tume ya wataalamu ya jarida la Lancet, katika ripoti yake ya 2024, imeuweka upungufu wa kusikia miongoni mwa mambo 14 yanayoongeza uwezekano wa kupata ugonjwa wa kusahau, na ambayo mtu anaweza kuyashughulikia. Asiyesikia huacha kuzungumza, huacha kwenda barazani, huacha kwenda kanisani au msikitini kwa kuwa hapati maneno. Ubongo wake unabaki bila kazi. Nimewaona wazee hao. Nyumba imejaa watu na wao wako peke yao.

Shimesikio haitakurudishia sikio la miaka ishirini. Nasema hivyo mapema ili usinidai. Vifaa vingi vimetengenezwa kwa ajili ya maneno, na siku za kwanza muziki utasikika mkavu, pengine wa bati. Mweleze anayekupimia kwamba wewe ni mpenzi wa muziki. Vifaa vingi vya sasa vina mpangilio wa pekee wa muziki, usiobana sauti inapopanda na kushuka, na vinaweza kurekebishwa mara mbili au tatu mpaka uridhike. Nenda na wimbo mmoja unaoujua vizuri sana, kwenye simu au flashi, ili urekebishiwe kwa kitu ambacho ubongo wako tayari unajua kinavyotakiwa kusikika. Vaa kila siku kwa wiki kadhaa, hata nyumbani kukiwa kimya, maana ubongo uliokaa miaka bila herufi s na manyanga unahitaji muda wa kuzizoea tena. Usikitie kwenye droo baada ya siku mbili.

Mzee wangu anatumia vyake sasa. Bado hapati manyanga yote, na nilimwambia hatayapata. Binti yake ananiarifu kwamba sauti ya sebuleni imeshuka hadi mahali ambapo wanaweza kuulizana chumvi mezani huku Sikinde wakiendelea kupiga. Spika hazijarudi dukani mara ya tatu.